Bibi Semeni Mgongoni

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na ningekuwa na uwezo ningemwachia mtu mwingine aikumbuke kwa niaba yangu, maana nimechoka nayo. Lakini wenzangu wa siku ile wamekwisha wote. Nimebaki mimi na magoti haya yasiyotaka tena kupanda mlima. Basi vuta kigoda ukae. Na usiniharakishe, nitafika tu.

Ilikuwa enzi za Mdachi. Reli ilikwisha kufika Morogoro mjini, na sisi wa huku juu, upande wa Kinole, tulikuwa tunateremshwa kwa zamu kwenda kuchonga barabara. Jumbe akitaja jina lako, unafunga magimbi yako kwenye jani la mgomba, unashuka. Ukichelewa, kiboko kinakusubiri. Hayo umeyasikia kwa wengi, sina haja ya kuyarudia.

Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi. Nilikuwa nimebatizwa Pasaka ya mwaka uliotangulia, wa kwanza katika ukoo wa mama yangu, na nilijua kusoma. Mwanangu, kichwa kilinivimba! Nilitembea na medali shingoni nje ya shati ili kila mtu aione. Nilisali kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Mama yangu alikuwa hawezi kufanya jambo nisimkosoe: wimbo anaouimba akitwanga si mzuri, dawa anayomfungia mtoto si nzuri, hata anavyoshangaa si kwa Kikristo. Maskini mama. Alikuwa ananitazama tu, anaendelea kutwanga. Leo nikimkumbuka anavyonitazama, natamani kujificha.

Aliyenilea ni mjomba wangu, kaka yake mama. Unajua sisi Waluguru, mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Jina lake Kobelo. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kikohozi. Kikohozi kile alikipata barabarani, kwenye vumbi na mawe ya Mdachi, na kila alipokwenda zamu alirudi nacho kimekuwa kikubwa zaidi. Mwishowe akawa hashuki tena. Analala tu, anakohoa, tunamsikia kutoka shambani.

Wiki moja kabla hajafa, alimwita Mwalimu Yosefu, katekista wa misheni, mzee aliyenifundisha mimi dini, akamwomba maji ya ubatizo. Mimi sikumshawishi. Aliomba mwenyewe, akaitwa Petro. Nililia kwa furaha siku ile, na nasema kweli ilikuwa furaha safi. Lakini ndani yake kulikuwa na kitu kingine nilichokuja kukiona baadaye: nilijiambia, sasa mjomba ni wangu. Ni wa dini yangu, na mimi ndiye nitakayesema azikwe vipi.

Akafa alfajiri, masika, ukungu umefunika migomba yote. Na balaa lenyewe ni hili: jumbe alikuwa ameshatuma mtu kusema kwamba kesho yake wanaume wote wa kilima chetu na wa kilima cha pili watashuka barabarani, hakuna udhuru wa msiba wala wa nini. Kwa hiyo mjomba ilibidi azikwe siku ile ile, kabla jua halijazama. Likizama bado hajazikwa, atabaki ndani na wanawake na watoto, na sisi tuko bondeni tunavunja mawe.

Sasa nikueleze desturi, maana nyinyi wa siku hizi mnazika mbiombio. Kwetu mtu akifiwa, ndugu wa damu anakaa chini analia. Hiyo ndiyo kazi yake. Hachimbi kaburi, haoshi maiti, hapiki. Kazi hizo ni za watani, watu wa ule ukoo mwingine mnaotaniana nao tangu mababu. Nao hawaji kimya. Wanakuja wanatukana, wanamwiga marehemu, wanazuia jeneza, wanadai kuku, na wafiwa wanajikuta wanacheka na machozi yako usoni. Wao wakifiwa, nyinyi mnakwenda kuwafanyia vivyo hivyo.

Watani wetu walikaa kilima cha pili, ng'ambo ya kijito. Mkubwa wao alikuwa Bibi Semeni. Kibibi kifupi, kikavu, ulimi kama upupu. Yeye na mjomba walikuwa wametaniana tangu ujana wao. Alimwita mwizi wa magimbi, na mjomba alimwita mchawi asiye na meno. Kila walipokutana njiani walisimama kutukanana mpaka mizigo iwachoshe kichwani. "Utatangulia wewe," Bibi Semeni humwambia, "na mimi nitakutupa magugani." Mjomba humjibu kwamba atamzika kichwa chini miguu juu. Nilikuwa nayasikia hayo tangu mtoto, wala sikuwahi kufikiri kwamba yana maana yoyote.

Basi wakaja asubuhi ile, wanaume sita na majembe, wanawake na vyungu, na Bibi Semeni mbele. Wanaume wakaingia kumwosha mjomba, wakamvisha sanda, wakamlaza kwenye mkeka. Mpaka hapo nilivumilia. Kisha yule bibi akachukua kofia ya mjomba ukutani, akaivaa. Akachukua fimbo yake. Akaanza kutembea uani kama mjomba, mgongo umeinama, anajikokota. Watu wakaanza kuguna, wengine kucheka. Halafu akakohoa.

Alikohoa kikohozi chenyewe hasa. Kile cha kuanza chini polepole, kikapanda, kikamkaba, kikaishia na mluzi. Nilisikia damu yote inanipanda kichwani. Kikohozi ndicho kilichomuua mjomba wangu, na mtu huyu anakifanyia mchezo, na watu wanacheka, na Mkristo amelala pale na sanda yake.

Bibi akaingia ndani, akajilaza kwenye mkeka kando ya maiti. Akasema haondoki, mwizi huyu hatoki hapa mpaka apewe kuku jogoo.

Nikamshika mkono nikamvuta. Simung'unyi maneno, mwanangu: nilimvuta kwa nguvu, bibi wa umri wa bibi yangu, nikamburuta mpaka mlangoni. Nikamwambia, "Toka. Huyu ni Mkristo, si wa kuchezewa na wapagani." Akaanguka, mguu ukagonga jiwe la kizingiti.

Bibi Semeni akainuka taratibu, akajipangusa kaniki yake. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alirudi ndani, akavua ile kofia, akaiweka juu ya kifua cha mjomba, akaitengeneza ikae sawa. Akatoka akasema, "Haya. Mkristo na azike Mkristo mwenzake."

Wakaondoka wote, na majembe yao, na vyungu vyao.

Nikachukua jembe. Nikawaambia wajomba wengine na binamu zangu waje tuchimbe. Hakuna aliyenyanyuka. Mmoja alisema, bila hasira, kwamba hajawahi kuona mtu akimchimbia kaburi baba yake mzazi, na yeye hataanza leo. Nikamgeukia mama. Mama alikuwa amekaa karibu na maiti ya kaka yake. Akanitazama kwa namna yake ile, kisha akageuza uso ukutani. Na tangu hapo hakunisemesha.

Nikaenda kuchimba peke yangu. Nilikuwa nimekasirika, na hasira ilinisaidia kama mpaka magotini. Udongo wetu unaujua, mwekundu, wa kunata, na chini yake mawe. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Nikitoa udongo huku, wa kule unaporomoka. Viganja vikapasuka. Nikasali nikichimba, rozari nzima, na kila Salamu Maria niliyosali nilikuwa nawaza jinsi nitakavyomsimulia Mwalimu Yosefu, naye atanisifu kwamba nimesimama imara. Jua likapita utosini. Kaburi lilikuwa bado halijafika kiunoni, na upande mmoja ulikuwa umebomoka.

Mwalimu Yosefu akafika hapo. Alikuwa amepanda kutoka misheni kwa miguu, na kitabu chake na chupa ya maji ya baraka, amelowa mpaka mapajani. Akasimama ukingoni akanitazama ndani ya shimo. Sikupata muda wa kujisifu. Akauliza, "Watani wako wapi?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, mwanangu, kwa ufasaha. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaketi kwenye udongo nilioutoa, akakamua maji kwenye kanzu yake. Alikuwa mtu aliyechoka siku zote, Mwalimu Yosefu. Alitembea vilima hivi miaka mingi, anafundisha watu kama mimi.

"Gaspari," akasema, "Bwana wetu alizikwa na nani?"

Nikajua jibu. Nikasema, na Yosefu wa Arimataya.

"Alikuwa ndugu yake?"

"Hapana, Mwalimu."

"Na kaburi lilikuwa lake?"

"Lilikuwa la huyo huyo mtu."

"Basi Mwana wa Mungu alikubali kuzikwa na mikono ya watu wengine, kwenye kaburi la watu wengine. Wewe ni nani hata umnyime mjomba wako jambo hilo?" Akaelekeza kidole ng'ambo ya kijito. "Mimi sikukufundisha kuburuta vikongwe. Nilikufundisha kupiga magoti. Nenda ukapige magoti. Jua linashuka."

Nikamwambia, kwa ukaidi uliobaki, kwamba walikuwa wanamdhihaki. Akasema, "Nenda ukamwulize mwenyewe."

Nikashuka mpaka kijitoni, nikapanda kilima cha pili na udongo umenikauka mwilini. Nikamkuta Bibi Semeni kibarazani anamenya magimbi. Wanaume wake wameketi upenuni na majembe, wala hawajayaosha. Nilipokuja kuyatafakari hayo majembe, nilitambua kwamba walikuwa wanasubiri.

"Shikamoo bibi," nikasema.

Akaendelea kumenya.

Nikapiga magoti palepale kwenye matope. Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia nimemkosea yeye, na mjomba, na mama yangu, na Mungu. Maneno mengine yote niliyoyapanga njiani yalinipotea. Nikabaki nalia kama mtoto, kijana mwenye medali shingoni.

Akamaliza gimbi lake, akalitia chunguni. Ndipo akasema, "Mguu umevimba. Kilima kile sikiwezi. Ukitaka nije, nibebe."

Wanaume wake wakacheka. Mimi sikucheka. Nikageuka, nikainama, akapanda mgongoni.

Basi nikambeba. Alikuwa mwepesi, lakini mwili wangu ulikuwa umekwisha kwa kuchimba, na njia ni utelezi. Ulimi wake ukaanza kazi tangu mteremko wa kwanza. Akauliza misheni wanamlisha nini punda wao, mbona anayumba hivi. Akasema ana mawazo ya kumwandikia Padri barua, kwamba ameuziwa punda mbovu. Tukipita mashambani, anawaita watu waje watazame: mjukuu wa watani amenioa leo, ananipeleka kwake. Wanawake wakaacha majembe wakasimama kutushangilia. Mimi macho chini. Jasho linaingia machoni na siwezi kulipangusa, mikono imeshika miguu yake. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani, na nilijua ninaistahili, kwa hiyo nikaendelea kutembea.

Tukavuka kijito. Maji yalikuwa magotini, nikateleza mara moja, akanivuta sikio kunisimamisha. Tukaanza kupanda upande wetu, pale penye mwinuko mkali. Nikasikia amenyamaza. Nikadhani amesinzia. Kisha nikahisi shingo inalowa, na mvua ilikuwa haipo.

Nilipanda tu.

Akasema, kwa sauti ya chini, ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Wewe ulidhani nakicheka kikohozi cha Kobelo."

"Ndiyo, bibi."

"Nilikuwa nakisikia kule kwetu kila jioni. Kinavuka bonde. Nikikisikia nasema, mwizi yule bado yupo. Leo asubuhi sikukisikia." Akavuta pumzi. "Nilitaka kukisikia mara moja tu. Na hakuna aliyebaki wa kukikohoa isipokuwa mimi."

Nakwambia, mwanangu, nilisimama. Nilikuwa nimefundishwa ubatizo, amri, sakramenti, nimezijibu zote bila kukosea, na nilikuwa nimemtoa msibani kwa kumburuta mtu aliyempenda mjomba wangu kuliko mimi. Sikuwa nimemwuliza hata neno moja. Nilimwona mpagani, nikadhani nimekwisha kumjua yote.

"Twende," akasema, "punda haruhusiwi kulala." Nikaenda.

Tulipofika uani, akashuka mgongoni, akainyoosha kaniki yake, akatembea kwenda ndani kwa miguu yake miwili, imara kabisa. Wala hakuchechemea.

Wanaume wake walikuwa nyuma yetu. Wakaingia shimoni wakalipanua, wakaondoa mawe, na kazi iliyonishinda tangu asubuhi wakaimaliza kwa muda mfupi. Mimi niliambiwa nikakae na wafiwa nilie, nikakaa nikalia. Bibi Semeni akalala tena kando ya mjomba akadai jogoo wake, na safari hii mimi ndiye niliyemkimbiza jogoo uani mpaka nikamkamata. Mwalimu Yosefu akasoma sala zake zote, akanyunyiza maji ya baraka. Watani walinyamaza wakati anasali, na alipomaliza akawapisha, akarudi nyuma hatua mbili na kofia yake mkononi. Bibi akasogea ukingoni, akamwambia mjomba kwamba amemtangulia kwa uvivu tu, kukwepa barabara ya Mdachi. Watu wakacheka. Mama yangu akacheka, mkono mdomoni, na mabega yanatikisika kwa kilio. Udongo ukajaa. Jua likazama.

Mama alikuja na kibuyu cha maji. Akanimiminia viganjani, akaona vilivyopasuka. Akasema, "Nawa, ule." Hayo tu. Asubuhi yake tukashuka barabarani.

Ungependa niishie hapo, lakini yapo mengine. Kwa desturi, Bibi Semeni akifa, mimi ndiye niliyetakiwa kuvaa ushungi wake na kumwiga na kuwachekesha watoto wake. Nilikuwa nimejiandaa, miaka kadhaa, hata utani wenyewe nilikuwa nimeshauchagua. Ikaja vita ya Mdachi na Mwingereza. Nikachukuliwa kubeba mizigo, mpaka kusini huko, mwaka na zaidi. Niliporudi, alikuwa amezikwa. Wanaume wote walikuwa wamechukuliwa, wa kwetu na wa kwao. Alizikwa na binti zake wawili, wafiwa wenyewe, bila mtani hata mmoja wa kumchimbia. Wakanionyesha mahali penyewe, wala hapakuwa na kina. Nikakaa pale mchana kutwa na ule utani wangu, na sikuweza kuutoa. Sasa ni mzee kuliko alivyokuwa yeye, na bado ninao.

Baadaye nilimrithi Mwalimu Yosefu kazi. Nimefundisha vijana miaka mingi, mpaka Mwingereza naye akaja na kuondoka. Wengi wao walikuja na kichwa kile kile cha kwangu, na wewe ninakuona unacho, usikasirike. Ni ugonjwa wa anayeanza. Imani ikiwa mpya inawasha, na mtu anatafuta wa kumsukuma. Hautibiki kwa kusoma zaidi. Nilisoma zaidi mimi, sikupona. Nilipona, kama nilipona, kwa kumbeba mtu mgongoni.

Kwa hiyo nakuachia haya, na nimechoka, siyarudii. Kabla hujamkataza mtu jambo kwa jina la Mungu, mwulize kwanza kwa nini analifanya, halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize. Ukimkosea mtu, nenda leo, kwa miguu yako, usitume salamu. Akikupa adhabu, ibebe yote, hata ya kuchekesha, hata ya kukuaibisha mbele ya mashamba yote. Na wema unaodaiwa kumfanyia mtu, usiuwekee siku. Mimi niliuwekea, na siku ikapita niko kusini na mzigo wa Mdachi kichwani.

Njoo karibu, inamisha kichwa. Mungu aliyekubali kuzikwa na mikono ya watu wengine akulinde na kiburi cha kutaka kujitosheleza. Akupe magoti mepesi ya kuomba radhi, na mgongo wa kubebea. Na siku yako ikifika, iwe mbali, akupe watu wasio wa nyumba yako, wa kukuchimbia, wa kukulilia, na wa kukucheka. Amina. Sasa niinue, mwanangu, magoti haya hayainuki yenyewe.